Pini na tiki zake za uongo

Kuna watu huamka na wimbo mdomoni. Huyu aliamka na matusi. Mguu wa kulia ukigusa sakafu tu, kisigino kinamchoma kwa nyuma, pale kwenye ile kano nene inayopanda kwenda kwenye shavu la mguu, naye anakitukana kisigino, anaitukana sakafu, kisha anamgeukia mumewe na kumtukana kwa kosa la kuwa bado amelala. Hatua kumi za kwanza alizipiga ameshika ukuta. Baada ya hapo maumivu yalipungua, lakini ulimi ulibaki vilevile.

Kazini walimwita Pini. Kwanza, alishona huku amebana pini tatu nne kwenye midomo, na aliweza kuongea nazo humohumo bila kujichoma. Sababu ya pili sina haja ya kuitaja. Kazi yenyewe ilikuwa ya sare za shule, ndani ya chumba kimoja kirefu: vyerehani vinne vya miguu chini ya madirisha, meza ya kukatia katikati, na marobota ya vitambaa yamepangwa kwenye rafu mpaka karibu na dari. Bosi alikata vitambaa mwenyewe na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na sheria moja tu, kwamba cherehani hakikai bure. Ukikosekana wiki tatu mfululizo, uwe umezaa, uwe umefiwa, uwe umelazwa, ukirudi unakuta makalio mengine kwenye kiti chako. Pini alishaona hilo likiwapata watu watatu, wala hakuwahurumia. Mmoja wao ndiye aliyemwachia kiti cha dirishani, chenye mwanga mzuri kuliko vyote.

Mkono wake wa kushoto alikaa wifi yake, mke wa kaka yake mdogo. Hawa wawili walikuwa hawaivi chungu kimoja kwa miaka tisa. Chanzo ni gauni. Pini alimshonea wifi yake gauni la harusi kwa mikono yake, mshono juu ya mshono, na bibi harusi, bila hata kumwambia, akalipeleka kwa fundi mwingine likapunguzwe kiuno. Wewe unaweza kuona ni jambo dogo. Mwambie fundi yeyote uone atakavyokutolea macho! Baadaye kaka alipopiga magoti kumwombea mkewe kazi, Pini alikubali kwa shingo upande, na tangu siku hiyo wakakaa bega kwa bega wakirushiana vijembe kutwa.

Basi, kisigino. Mwaka mzima alijitibu mwenyewe. Alikiloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi, akakipaka dawa za kuchua mpaka chumba kikanuka menthol, akameza vidonge, akampa jirani akikande, na jirani alipokanda kwa nguvu akampa vidonge vyake kisawasawa hata hawakusalimiana mwezi mzima. Mwisho maji yakazidi unga, akaenda hospitali. Daktari akamwelekeza chumba cha mwisho cha ukumbi, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Alikuwa kijana mrefu mwenye mashavu makavu na haraka ya mtu anayechelewa mahali. Alimbonyeza kisigino, Pini akapiga yowe, yeye akaandika. Halafu akampeleka kwenye ngazi mbili za mbao zilizokuwa ukutani.

“Simama hapa kwa nusu ya mbele ya nyayo, visigino vikae hewani. Unapanda kwa mguu mzima, unashuka kwa mguu mbovu, taratibu, mpaka kisigino kivuke chini ya ukingo. Mara kumi na tano. Unapumzika, unarudia, unarudia tena. Asubuhi na jioni, wiki kumi na mbili. Yatauma. Yakiuma kiasi, usiache.”

“Nimekuja kwa sababu ya maumivu, na wewe unanipa maumivu?”

“Kano yako imechakaa, mama. Dawa ya kutuliza haiijengi. Kano hujengwa kwa kubebeshwa mzigo, polepole.”

“Hakuna sindano?”

“Sindano kwenye kano hiyo usimruhusu mtu yeyote. Maumivu yataondoka kweli, utajiona umepona, halafu itakatika ukiwa unacheka. Kuna mashine ya kuipiga mawimbi, ipo hospitali kubwa na foleni yake ni ndefu. Na kuna kisu, ambacho ni cha mwisho kabisa.” Akampa kipande cha mpira cha kuweka ndani ya kiatu ili kisigino kiinuke kidogo, na daftari jembamba lenye vyumba vya kuweka tiki. “Kila ukifanya, tiki. Usiponisikiliza utanirudia.”

“Unavyosema na watu wazima, mama yako anajua?”

“Wewe umekuja kutibiwa au kugombana?”

“Vyote viwili, nikipata nafasi.”

Kuanzia siku hiyo akambandika jina la Bwana Ngazi. Njiani akirudi alikuwa anasonya peke yake. Mara kumi na tano! Mguu wake ulikanyaga pedali tangu asubuhi mpaka jioni, kisigino juu, kisigino chini. Kola moja peke yake si chini ya mara mia mbili, na kwa siku alishona kola arobaini. Huyu mtoto anakuja kumwambia apande ngazi mara kumi na tano? Mazoezi ameshayafanya, tena ya ziada, tena analipwa. Kwa hiyo hakusimama kwenye ngazi yoyote, hata siku moja. Kila Jumapili alikaa na daftari akatia tiki za juma zima. Na kwa kuwa yeye ni fundi, alizitia kwa ufundi: nyingine kwa kalamu ya bluu, nyingine nyeusi, nyingine zimepinda kama za mtu mwenye usingizi, na siku nne tofauti akaziacha wazi ili isionekane kazi ya malaika.

Kile kipande cha mpira alikiweka kwenye kiatu kama alivyoambiwa. Ila mafundi wote wa cherehani cha miguu hukanyaga pekupeku, maana mguu lazima uisikie pedali. Kwa hiyo kiatu chenye mpira kilikaa chini ya kiti kutwa, kikijitibu chenyewe.

Wiki kumi na mbili zikaisha. Bwana Ngazi akambonyeza, yowe likawa lilelile. Akafungua daftari, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, na uso wake ukalegea kidogo.

“Mama, nikwambie ukweli, nilikudhania vibaya. Katika wagonjwa wangu wote hakuna aliyejituma hivi.”

Pini akaangalia dirishani. Kusifiwa kulimchoma kuliko kubonyezwa. Mtaalamu akaandika chini ya ukurasa wa mwisho, *Amefanya mazoezi yote. Hakuna nafuu*, akagonga muhuri, akampeleka kwa daktari wa upasuaji. Huyo alikuwa mpole na ndiye aliyemtisha zaidi. Watafungua kisigino, watatoa sehemu ya kano iliyochakaa, watashona. Kisha mguu utafungwa, na kukanyaga pedali asahau kwa miezi mitatu, pengine minne. Wakampangia Alhamisi, wiki tatu mbele.

Miezi minne! Bosi alikuwa hangojei wiki nne. Pini alirudi kazini akakaa kwenye kiti chake cha dirishani, akakishika pembeni kwa mikono miwili. Kiti hicho ndicho kilichowalea wanawe. Nje ya kiti hicho alikuwa mwanamke mwenye mdomo tu.

Juma hilohilo wifi yake alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka yote. Alimsogelea wakati wa mapumziko, sauti chini.

“Wifi, nikuulize. Yale mazoezi ya hospitali yanasaidia?”

“Unauliza ya nini? Unataka kunicheka?”

“Mimi nami kinaniuma. Cha kushoto. Miezi miwili sasa. Bosi asijue, tafadhali.”

Angejibu vizuri, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini Pini, hasira za kisu zikimchemka, alichomoa daftari kwenye mkoba na kulitupa kwenye mapaja ya wifi yake. “Kusoma si unajua? Soma. Wiki kumi na mbili, na bado nakatwa. Ukimaliza kunicheka, nirudishie.”

Kesho yake akaomba ruhusa, akaenda hospitali kumwaga sumu yake. Aliingia bila kubisha hodi.

“Mazoezi yako hayana maana! Sitaki kisu, nataka ile mashine ya mawimbi, na wewe ndiye utakayeniandikia.”

Bwana Ngazi hakupandisha sauti. “Panda pale unionyeshe unavyofanya.”

Pini akapanda kwenye ngazi za mbao. Akaanza: juu chini, juu chini, harakaharaka, vidole vikicheza kama vinavyocheza kwenye pedali, kisigino hakivuki hata ukingo. Kijana akakunja mikono kifuani, akamtazama mpaka alipoacha mwenyewe.

“Hujafanya hata siku moja.”

“Unaniita mwongo?”

“Mtu aliyefanya jambo wiki kumi na mbili mwili wake unalijua. Wako haulijui.”

“Mguu wangu unapanda na kushuka kutwa nzima kwenye pedali! Ngazi zako za nini?”

“Ukiwa umekaa! Mwili wote uko kwenye kiti, mama. Kisigino kimebeba nini? Kimebeba hewa!”

Pini alikuwa mtu wa kazi, na hesabu ile aliielewa papo hapo. Mwenzake akaendelea kumbana. “Na mpira niliokupa?”

“Uko kwenye kiatu.”

“Na kiatu ukiwa kazini kiko wapi?”

“Chini ya kiti. Tunakanyaga pekupeku.”

“Mbona hukuniambia?”

“Mbona hukuniuliza?” Pini akalipuka. “Mara mbili umenishika mguu, ukaubonyeza kama nyanya ya sokoni, hujauliza hata mara moja mguu huu unafanya kazi gani! Umeniandikia kisu bila kujua navua viatu!”

Kijana akaitazama miguu ya Pini. Masikio yalimwiva. Walikaa hivyo wawili, kila mmoja amemkamata mwenzake, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema samahani, na hakuna aliyeisema. Hatimaye alisema atazungumza na daktari, Alhamisi ile isogezwe, na kuanzia siku hiyo Pini atafanya mazoezi ya kweli na kuja kila juma ayafanye mbele yake.

“Na lile daftari lirudishe nilichane,” akamalizia. “Nilishaandika uongo wako na muhuri juu. Mgonjwa mwingine akiliona, ataniacha aende kutafuta sindano.”

Pini akatoka akiwa amekiokoa kiti chake, na angepaswa kufurahi. Lakini neno la mwisho lilimganda. Daftari lilikuwa kwa wifi.

Ilikuwa rahisi. Angeingia, angesema, “Wifi, sikuyafanya yale mazoezi, usiyaache.” Maneno matano, sita. Ila alikuwa anamwona wifi yake akicheka, akimsimulia bosi, akimsimulia kaka, wote wakijua kwamba Pini alidanganya kama mtoto wa shule kisha akakamatwa. Alipofika akanyoosha mkono tu. “Daftari langu.”

Wifi akalitoa. “Nimelisoma lote. Pole sana, wifi.”

Pole hiyo ilikuwa ya kweli, ya kwanza kwa miaka tisa, na ikamkera kuliko kijembe. Pini akalitia daftari mkobani. Nitamwambia kesho, akajisemea.

Kesho yake hakusema, na keshokutwa hakusema. Alikuwa anajificha kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, ameshika fremu, akishusha kisigino taratibu kwa mara ya kwanza katika maisha yake, machozi yakimlenga. Siku ya nne wifi aliingia kazini akitembea kama bibi harusi.

“Mimi nimeshapona,” akatangaza kwa chumba kizima. “Yule mwenye duka la dawa pale kona amenichoma sindano moja tu, hapahapa kisiginoni. Hata sikumbuki kama nilikuwa naumwa!”

Pini alikuwa na pini nne mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Sasa nasema, akawaza, na naapa kwamba alikuwa anasema, midomo ilishafunguka. Lakini wifi akamgeukia, akamkonyeza fundi wa tatu, akasema kwa sauti ya juu, “Wengine wenye ubishi na wakapasuliwe. Sisi wengine tunajua pa kwenda.”

Vicheko vikapasuka. Pini akayameza yote aliyokuwa nayo.

“Basi pona,” akasema.

Jumatano bosi alitaka robota la kitambaa cha kijivu kutoka rafu ya juu. Wifi, kwa mbwembwe za mtu mwenye mguu mpya, akapanda meza ya kukatia, akalivuta, akalitupa chini. Pini alisimama nyuma ya meza akingoja kukatiwa vipande vyake. Wifi hakushuka kwa kutumia kigoda, aliruka. Alipotua na kutaka kupiga hatua, ukasikika mlio mkavu, kama kitambaa kigumu kinachochanwa kwa mkupuo. Akaanguka kwa magoti, akageuka nyuma, na mtu aliyemwona nyuma yake ni Pini.

“Umenipiga teke! Jamani, amenipiga teke la kisiginoni!”

“Mimi? Sijakugusa!”

“Nimelisikia! Huyu mwanamke ananiua!”

Nani angemwamini Pini? Miaka tisa yote alikuwa ameahidi kumfanyia kitu. Fundi wa tatu akamwita mchawi. Bosi, yule asiye na maneno, akasema, “Pini, umefikia huko?” na akaweka mkasi chini, jambo ambalo halijawahi kutokea saa za kazi. Wakambeba wifi, wakamwingiza nyuma ya gari la mizigo lililokuwa linashusha vitambaa. Pini naye akapanda kwa nguvu, hakukaribishwa. Alikwenda kulisafisha jina lake, si kwa lingine.

Hospitali kaka mtu alifika mbio, na cha kwanza alichofanya ni kumkamata dada yake bega. “Mguu wa mke wangu, dada? Ulishindwa kumtukana kama kawaida yako?”

“Niache! Muulizeni huyo!”

Bwana Ngazi alikuwa amemlaza wifi kifudifudi. Akalibinya shavu la mguu wa kulia, unyayo ukacheza. Akalibinya la mguu wa kushoto, unyayo ukatulia tuli. Akapitisha kidole gumba juu ya kisigino, kikazama mahali palipotakiwa kuwa na kano.

“Hakuna aliyekupiga,” akasema. “Kano imekatika. Karibu kila mtu ikimkatikia hugeuka kumtafuta aliyempiga teke.”

“Mmesikia?” Pini akapaza sauti mpaka ukumbini. “Rudia! Rudia kwa nguvu, kaka yangu asikie vizuri! Mwambie na bosi wangu! Nimempiga nani teke? Nani?”

Kaka akamwachia bega. Kijana hakurudia. Alikuwa ameinama kwa wifi. “Ulichomwa sindano hapa?”

“Ndiyo. Wiki hii. Kilikuwa kinaniuma miezi miwili.”

“Na mbona hukuja kwangu tuanze mazoezi? Kano kama hii ya miezi miwili ningeitengeneza.”

“Nilisoma daftari lake.” Wifi akaelekeza kidevu kwa Pini. “Wiki kumi na mbili, kakosa siku nne tu, na muhuri wako upo. Nikasema, kama huyu, kwa ukaidi wake wote, amefanya yote hayo na bado anakatwa, mimi nitaponea wapi?”

Bwana Ngazi akanyooka. Angeweza kusema yeye. Alikuwa na kila sababu. Alimtazama Pini tu, akamwachia.

“Dada?” kaka akauliza.

“Sikuyafanya,” Pini akasema.

“Hukufanya nini?”

“Mazoezi. Hata siku moja. Zile tiki niliziweka mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili.”

Wifi alijiinua kwa viwiko, akageuza shingo ili amwone vizuri. Hakuwa analia tena. “Na sindano? Ulijua inakata?”

“Nilijua.”

“Nilipoingia nikisema nimechomwa, ulikuwa unajua?”

“Nilijua, wifi. Nilitaka kusema. Ukanicheka.”

Pini akangoja matusi. Alikuwa ameshasimama vizuri kuyapokea, maana matusi aliyaweza, na angeshukuru yakija. Wifi akajilaza tena taratibu, akageuzia uso ukutani.

“Bora ungenipiga teke kweli,” akasema.

Kaka akaenda kumfungulia dada yake mlango, akaushikilia mpaka alipotoka.